Maswali ya wasomaji: “stagger” ya kupepesuka na “stagger” ya kupishana

Barua nyingi za safari hii zimelizunguka neno moja la Kiingereza, “stagger”, pamoja na ndugu zake wanaoeleza mwendo usio imara. Zimetoka kwa watafsiri, walimu, wapenzi wa riadha, wakulima na mafundi. Tumezijibu pamoja kwa sababu kosa linalojirudia ndani yake ni moja: neno lenye maana mbili zinazokaribia kupingana linafasiriwa kila mahali kwa “kuyumba”.

Swali: Natafsiri hadithi fupi. Kila nikikutana na “stagger”, “totter”, “wobble”, “sway”, “lurch” au “reel”, naandika “kuyumba”. Mhariri amenirudishia kazi. Tofauti ziko wapi?

Jibu: Mhariri wako ana haki. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa mwendo wa namna hii, na “kuyumba” ndilo pana kuliko yote: mti huyumba, chombo huyumba, uchumi huyumba, hata imani huyumba. Ukilitumia peke yake, msomaji hajui aone picha gani.

Anza na “stagger”. Anayefanya hivyo yuko wima na yuko mwendoni. Mwili unaelemea upande mmoja, mguu unatupwa haraka kuuzuia usianguke, kisha mwili unaelemea upande wa pili. Anatoka kwenye mstari, anakaribia kuanguka, lakini bado hajaanguka. Akianguka, Kiingereza kitataja kitenzi kingine. Sababu huwa ulevi, pigo, uchovu, kizunguzungu au mzigo uliomzidi. Neno letu la karibu kabisa ni “kupepesuka”. Liwe chaguo la kwanza, na uliache pale tu muktadha unapokataa.

“Stumble” ni tukio moja: mguu umegonga kitu au umekosea pa kukanyaga. Hapo ni kujikwaa. Mlevi anaweza kupepesuka kwenye sakafu laini isiyo na kitu, na mtu mwenye akili zake timamu anaweza kujikwaa kwenye jiwe. Usiyabadilishane.

“Totter” hubeba udhaifu. Ni mwendo wa mzee, wa mgonjwa anayetoka kitandani, wa mtoto aliyetoka juzi kwenye kusimama dede. Hatua ni fupi, hazina nguvu. Kwa mzee, “kujikongoja” hukaa vizuri. Kwa mtoto sema “hatua za kutetereka”. Neno hili hutumika pia kwa kitu kinachokaribia kuporomoka, kama rundo la vitabu au serikali iliyopoteza wafuasi. Ndugu yake “teeter” huongeza ukingo: kuna mahali pa kuangukia, na aliyepo pale anajitahidi asizidishe uzito upande mmoja. Ndiyo maana mtu anayetembea na viatu vya visigino virefu sana huelezwa kwa “teeter”.

“Wobble” haihitaji safari. Meza ambayo mguu wake mmoja ni mfupi, jino lililolegea, gurudumu lililopinda: vyote hivi hu-“wobble” papo hapo vilipo. Watafsiri husahau kwamba Kiswahili cha kila siku kina kitenzi kizuri sana kwa hili, yaani “kucheza”. Jino linacheza, gurudumu linacheza, mpini wa jembe unacheza. Kwa meza, “inatikisika” inatosha. Kwa sauti ya mwimbaji au ya mtu anayekaribia kulia, “inatetemeka”.

“Sway” ni polepole na mara nyingi haina hatari yoyote. Chini pameshika, juu ndipo panapokwenda huku na huku: miti kwenye upepo, watu wanaofuata muziki. “Kuwayawaya” au “kuyongayonga” hufaa. Ukiandika “kupepesuka” kwa wacheza muziki umewalewesha bila sababu.

“Lurch” ni mshtuo mmoja mkubwa, si mfululizo. Basi linaondoka ghafla na abiria wanarushwa nyuma. Meli inapigwa na wimbi na kuinama mara moja. Andika “liliyumba ghafla” kwa basi, “iliinama mara moja” kwa meli, kulingana na chombo. Ikiwa meli inalala huku na huku kwa mfululizo, hiyo ni “roll”, na mabaharia wetu tayari wanalo lao: chombo kinakwenda mrama. Angalia pia msemo wa kumwacha mtu “in the lurch”. Asili yake ni mchezo wa zamani wa Ufaransa, haihusiani na mwendo, na maana yake ni kumtelekeza mtu wakati anakuhitaji.

“Reel” huja baada ya pigo, la mwili au la habari. Kichwa kinazunguka ndipo miguu inafuata. Unaposoma kwamba familia “is still reeling”, hakuna anayetembea hapo. Andika “bado haijajipata”. Na “falter” ni kusuasua: hatua zinapungua nguvu, sauti inakatika katikati ya sentensi, mazungumzo ya amani yanaanza kukwama.

Swali: Mwanafunzi wangu ameandika “Alipepesuka nje ya chumba” kwa “She staggered out of the room”. Nahisi kuna kosa lakini nashindwa kulieleza.

Jibu: Kosa lipo, tena ni la muundo kuliko la msamiati. Sentensi ya mwanafunzi inasema kwamba mtu huyo alikuwa tayari nje, na huko nje ndiko alikopepesuka. Ya Kiingereza inasema alikuwa ndani, akatoka, na namna yake ya kutoka ilikuwa ya kupepesuka.

Kiingereza hupenda kuiweka namna ya mwendo kwenye kitenzi, kisha mwelekeo hubebwa na neno dogo kama “out”, “in”, “back” au “across”. Kiswahili hufanya kinyume. Mwelekeo ndio unaochukua kitenzi kikuu: kutoka, kuingia, kurudi, kuvuka, kupanda. Namna ya mwendo hufuata nyuma kwa kiambishi “-ki-” au kwa “huku”. Kwa hiyo: “Alitoka chumbani akipepesuka.”

Mfundishe hatua mbili. Kwanza atafute lile neno dogo na aligeuze kuwa kitenzi. Pili akifanye “stagger” kuwa kielezi cha kitenzi hicho. Mwanafunzi akishaizoea, hutafsiri kwa njia hiyo hiyo “limp”, “crawl”, “rush” na vitenzi vingine vingi vya mwendo. Mifano ya kumpa:

“He staggered to his feet” huwa “Aliinuka kwa taabu huku akipepesuka”. Wala miguu yake haikuwa mahali pengine akaiendea.

“They staggered back” huwa “Walirudi nyuma wakipepesuka”.

“She staggered under the weight of the sack” huwa “Alitembea akiyumba kwa uzito wa gunia”. Hapa “kuyumba” kumefaa kuliko “kupepesuka”, kwa kuwa tatizo ni mzigo, si kichwa wala miguu.

“The company staggered on for two more years” huwa “Kampuni iliendelea kujikongoja kwa miaka miwili zaidi”. Katika “stagger on”, kinachohesabika ni kwamba bado inakwenda, japo kwa shida.

Kitenzi hiki huweza pia kuchukua yambwa, yaani mtu au kitu kinachotendewa. “The blow staggered him” maana yake pigo lilimyumbisha, halikumwangusha. Waandishi wa habari za ndondi hulizingatia sana hilo, kwa sababu bondia aliyeyumbishwa bado anapigana na aliyeangushwa anahesabiwa.

Swali: Linatamkwaje? Nimesikia wengine wakisema “stajja”.

Jibu: Ni “g” ya gari, si “j” ya jani. Utata unaletwa na “exaggerate” na “suggest”, ambako “gg” hutamkwa kwa namna nyingine. Mkazo uko silabi ya kwanza, STAG, na silabi ya pili ni nyepesi. Jihadharini kutoingiza irabu kati ya “s” na “t”, kosa linalolipa neno silabi ya tatu. Kwa tahajia, “g” ni mbili daima, ila “r” haiongezwi: “staggered”, “staggering”. Sababu ni mkazo. “Refer” ina mkazo mwishoni, kwa hiyo huongeza “r” na kuwa “referred”. “Stagger” haina mkazo mwishoni, kwa hiyo haiongezi.

Msilichanganye na “swagger”, ambayo ni kutembea kwa maringo. Herufi zinakaribiana ila picha ni kinyume kabisa.

Swali: Habari za uchumi husema “a staggering amount”. Je, kiasi hicho kinayumba?

Jibu: Hapana, anayeyumba ni msomaji wa habari. Tangu karne ya 16 kitenzi hiki kimetumika kwa kitu kinachompiga mtu akilini mpaka akashindwa la kusema. “A staggering amount” ni kiasi cha kutisha, kiasi cha kumwacha mtu mdomo wazi. Mtu naye akisema “I was staggered”, amepigwa na butwaa.

Shikeni mgawanyo huu: “staggering” ni sifa ya kitu kinacholeta mshangao, “staggered” ni hali ya mtu aliyeupata. Mwanafunzi akiandika “I was staggering when I heard the news”, amesema alikuwa akipepesuka barabarani habari ilipomfikia.

Jambo jingine ni kwamba “staggering” tayari iko kwenye kilele. Kiingereza cha kawaida hakisemi “very staggering”. Husema “absolutely staggering” au huliacha lilivyo. Halibebi uzuri wala ubaya: hasara inaweza kuwa “staggering”, kipaji pia. Kwa kipaji “cha kutisha” huenda kikamchanganya msomaji makini, basi andika “cha ajabu”. Na ninaomba waandishi wa habari walitumie kwa kiasi. Likitajwa kwa kila ongezeko la asilimia mbili, siku ya jambo kubwa kweli halitakuwa na nguvu iliyobaki.

Swali: Neno la ulevi limefikaje kwenye ratiba za kazi, mistari ya bustani na viwanja vya riadha?

Jibu: Asili yake ni lugha ya kale ya Skandinavia, kitenzi “stakra”, kilichotokana na kingine chenye maana ya kusukuma. Kiingereza kilikuwa na umbo la “stacker” kabla ya “stagger” kushika katika karne ya 15. Mwisho wake wa “-er” ni ule ule wa “totter”, “waver”, “flutter” na “stutter”, na kazi yake ni kuonyesha kitendo kinachojirudiarudia. Sisi hulifanya jambo hilo kwa kukariri shina: kuyumbayumba, kuwayawaya, kusukasuka.

Sasa chora nyayo za mtu anayepepesuka. Mguu mmoja umekanyaga kushoto ya mstari, unaofuata kulia, kisha kushoto tena. Katikati ya karne ya 19 neno likaanza kutumika kwa vitu vinavyopangwa makusudi kwa muundo huo, kimoja huku, kinachofuata kule. Baadaye likahamia kwenye wakati: mambo yaliyopangwa yasitokee kwa pamoja.

Hapo ndipo watafsiri wengi hukwama, kwa sababu maana ya pili imegeuka kinyume cha ya kwanza. Anayepepesuka hana mpango. Aliye-“stagger” zamu za kazi amepanga kwa makini. Kabla hujatafsiri, jiulize kama kuna mpango. Kama haupo, tafuta kwenye familia ya kupepesuka. Kama upo, neno lako ni “kupishana” au “kupishanisha”. Tunalitetea neno hili kuliko “kuachana” au “kutofautiana” kwa sababu linabeba mahali na wakati kwa pamoja: magari hupishana njiani, na wageni hupishana kwa saa.

Swali: Katika mbio za mita 400 wakimbiaji huanza mmoja mbele ya mwenzake. Watangazaji husema “staggered start”, halafu katikati ya mbio wanasema mtu fulani “has made up the stagger”. Naomba maelezo kamili, na tafsiri.

Jibu: “Staggered start” ni mwanzo wa kupishana. Njia za nje zina kona ndefu kuliko za ndani, hivyo wote wakianzia mstari mmoja, wa nje atakimbia zaidi ya mita 400. Wanasogezwa mbele ili kufidia.

Hesabu yake iko wazi. Katika kiwanja cha kawaida, kila upande ulionyooka una mita 84.39, na kona ni nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 36.50 hadi ukingo wa ndani. Njia ya kwanza hupimwa sentimita 30 nje ya ukingo huo, na kwa kipimo hicho mzunguko unatimia mita 400. Njia nyingine hupimwa sentimita 20 kutoka mstari wa ndani yake. Upana wa kila njia ni mita 1.22. Kona mbili hufanya duara kamili, kwa hiyo kila njia inapotoka nje kwa mita 1.22, urefu huongezeka kwa 1.22 mara mbili ya pai, yaani mita 7.67. Kati ya njia ya kwanza na ya pili pengo ni mita 7.04 tu, kwa sababu ya ile tofauti ya sentimita 30 na 20. Ukijumlisha, wa njia ya nane huanza mita 53.03 mbele ya wa njia ya kwanza.

Katika mita 200 kuna kona moja tu, basi mapengo ni nusu: mita 3.52 kati ya ya kwanza na ya pili, mita 3.83 kati ya zinazofuata. Mita 100 hazina kona, hazina pengo. Katika mita 800 wakimbiaji hubaki kwenye njia zao kwa kona ya kwanza tu, kisha huruhusiwa kuingia ndani. Pengo hukaribia lile la mita 200, likiongezwa kidogo sana kwa sababu wa nje hukata mshazari kwenda ndani.

Anayechora kiwanja achunge jambo moja ambalo huharibu kazi nyingi. Mapengo hupimwa kwa kufuata mpindo wa njia husika, kwenye ule mstari wa sentimita 20. Ukivuta futi kamba moja kwa moja kutoka alama hadi alama, kamba hukata kona na alama hukaa si pake.

Sasa “made up the stagger”. Tafsiri za “amefidia kuyumba” hazina maana kwa msikilizaji. Maana yake ni kwamba mkimbiaji wa ndani ameshamfikia wa njia ya nje kabla kona hazijaliondoa lile pengo zenyewe. Sema “amelifuta pengo la kuanzia” au “ameshamfikia wa njia ya tano”. Na mtazamaji ajue namna ya kusoma mbio: katika mita 400 kila kona hula nusu ya pengo. Baada ya kona ya kwanza, wakiwa sawa kwa kasi, wa njia ya nne anapaswa kuwa mita 3.83 nyuma ya wa njia ya tano. Ukiwaona wako bega kwa bega kwenye mnyooko wa nyuma, wa ndani anaongoza kwa karibu mita nne, ingawa jicho linakwambia wako sawa.

Swali: Mwongozo mmoja wa kilimo unasema “stagger your planting”, mwingine “plant in staggered rows”. Ni kitu kimoja?

Jibu: Ni vitu viwili, na kuvichanganya kunagharimu msimu. Cha kwanza ni wakati, cha pili ni mahali.

“Stagger your planting” ni kupishanisha upandaji: badala ya kupanda mbegu zote siku moja, gawa sehemu na uzipande kwa vipindi. Letasi na figili, ambazo hukomaa upesi na kuharibika upesi, hupandwa kila baada ya wiki mbili hivi. Maharage mabichi kila wiki mbili hadi tatu. Lengo ni mavuno yanayofuatana. Kinachowashinda wengi ni kusahau kwamba hali ya hewa hubadili mwendo wa ukuaji. Mbegu za kipindi cha baridi huchelewa, za kipindi cha joto huziwahi, na mavuno uliyoyapishanisha hukutana tena. Kwa hiyo ongozwa na mmea: panda fungu linalofuata pale la kwanza linapotoa majani yake halisi, yale yanayofuata majani ya kwanza ya mche.

“Staggered rows” ni mistari ya kupishana: mmea wa mstari wa pili hukaa mkabala na nafasi iliyo wazi kati ya mimea miwili ya mstari wa kwanza, ikafanyika pembetatu. Pande zote tatu zikiwa sawa, umbali kati ya mistari ni umbali wa mimea mara 0.866. Miti ya mita 3 kwa 3 katika mraba huingia 1,111 kwa hekta. Kwa pembetatu, miti hubaki mita 3 kutoka mwenzake, mistari inasogea hadi mita 2.6, na inaingia takriban 1,280, ongezeko la kama asilimia 15. Anayepishanisha mimea bila kusogeza mistari hapati ongezeko hilo. Amebadilisha sura tu. Kwenye mteremko mpango huu unasaidia pia kuvunja mkondo wa maji, kwa kuwa hakuna njia iliyonyooka ya kuteremkia.

Swali: Ofisini tumeletewa waraka wenye “staggered shifts”, “staggered payments” na “staggered terms”. Tuandike “kwa awamu” kote?

Jibu: “Kwa awamu” itawafaa sehemu moja tu. Zamu za “staggered” ni zamu za kupishana: wote wanafanya kazi kwa muda wa saa nane, ila kundi moja huanza saa moja, lingine saa mbili, lingine saa tatu. Saa nyingi wanakuwa pamoja. “Kwa zamu” peke yake ingemaanisha kundi moja likitoka ndipo jingine liingie.

Malipo ya “staggered” ni yanayolipwa kwa tarehe tofauti, na hapa “kwa awamu” inakaa sawa ikiwa mlipwaji ni mmoja. Ikiwa wafanyakazi wa idara mbalimbali wanalipwa siku tofauti, hizo si awamu. Kila mmoja anapokea chake chote, ila tarehe zinapishana. Soma nani analipwa kabla ya kuchagua.

“Staggered terms” ni vipindi vya uongozi visivyoisha pamoja. Mfano unaojulikana ni Seneti ya Marekani: viti 100, kila kimoja kwa miaka 6, na takriban theluthi moja hupigiwa kura kila baada ya miaka 2. Bodi nyingi za kampuni hufanya hivyo ili wajumbe wote wasibadilike kwa mkupuo. Andika “vipindi vya kupishana”.

Swali: Mchoro unasema “stagger the joints”. Naelewa kwa matofali. Je, kwa vigae vikubwa ni vile vile?

Jibu: Kwa matofali, viungio vya wima vya safu moja visiangukie juu ya vile vya safu ya chini. Kawaida ni nusu tofali, na usishuke chini ya robo. Viungio vikifuatana wima, mzigo hausambai na ufa hupata njia moja kutoka juu hadi chini.

Vigae virefu havifuati nusu. Kigae cha udongo huokwa kwa joto kali na mara nyingi hubaki na mpindo mdogo, katikati pakiwa juu kidogo kuliko ncha. Ukipishanisha kwa nusu, ncha ya kimoja hukaa kando ya katikati ya jirani yake, chini karibu na juu, na sakafu inatoa ngazi ndogo zinazokwaza miguu. Kwa vigae vyenye upande unaozidi sentimita 38, pishanisha kwa theluthi moja au chini yake. Kabla ya kuanza, weka vigae viwili uso kwa uso ukatazame mwanga unaopita pembeni, mpindo utauona.

Swali: Naomba mnifumbulie mawili: ndege inayoitwa “Staggerwing”, na “stagger” ya nyaya za treni za umeme.

Jibu: Yote ni ya kupangwa. Ndege za mabawa mawili ya juu na chini kwa kawaida huwa na bawa la juu lililotangulia mbele kidogo, na kutangulia huko huitwa “stagger”. Beechcraft Model 17, iliyoruka mara ya kwanza Marekani mwaka 1932, iligeuza: bawa la chini ndilo lililotangulia, na rubani akaona vizuri zaidi. Jina likatokana na hilo.

Waya wa juu wa treni nao haukunyooka katikati ya reli. Huvutwa upande huu kwenye nguzo moja na upande wa pili kwenye nguzo inayofuata, kwa kawaida sentimita 20 hadi 30 kutoka katikati. Ungekuwa katikati daima, ungechimba mfereji kwenye kipande cha kaboni kinachopokea umeme juu ya treni. Ukipita huku na huku, kaboni hulika sawasawa. Katika maandishi ya ufundi, “mpishano wa waya” inatosha.

Swali: Daktari wa mifugo ameandika “grass staggers”. Ni ugonjwa gani, na kwa nini kuna “s” mwishoni?

Jibu: “Staggers” ni jina la kundi la magonjwa ya wanyama ambayo dalili yake ya wazi ni kupepesuka. Ina “s” lakini huchukua kitenzi cha umoja, kama “measles”. Kuandika “ugonjwa wa kupepesuka” hakutoshi, kwa sababu visababishi na tiba hutofautiana sana.

“Grass staggers” ni upungufu wa magnesiamu katika damu. Huwapata hasa ng'ombe wanaotoa maziwa, wanapoingizwa kwenye majani mabichi yanayokua kwa kasi. Majani hayo huwa na magnesiamu kidogo, na mbolea yenye potasiamu nyingi huzuia hata hiyo kidogo isifyonzwe. Mnyama hutetemeka misuli, hupepesuka, huanguka akirusha miguu, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Daktari aitwe mara moja.

“Ryegrass staggers” hutokana na sumu ya kuvu anayeishi ndani ya nyasi zenyewe. Mnyama akiwa ametulia huonekana mzima. Ukimkimbiza ndipo anapopepesuka na kuanguka. Dawa ni kumtoa kwenye malisho hayo bila kumharakisha, na wengi hupona. “Blind staggers” ya farasi mara nyingi huhusishwa na mahindi yenye ukungu.

Ukilikuta neno hili kwenye maandishi ya wapiga mbizi, si la mifugo. Wao huita “the staggers” madhara ya kupungua haraka kwa mgandamizo yanayopata sikio la ndani, ambako mwili hupimia uwiano wake. Aliyezuka juu haraka mno akashindwa kusimama wima na dunia ikamzunguka, apewe oksijeni na apelekwe kwenye chumba cha mgandamizo bila kusubiri kuona kama kitapita chenyewe.